Mita Mia Tatu Kaskazini

Landkruza ilikuwa imeegeshwa chini ya banda la mabati nyuma ya kituo cha polisi cha Kharumwa, na ile GPS iliyofungwa kwenye dashibodi, pembeni ya redio, ilikuwa ikisema neno moja tu tangu asubuhi: haioni setilaiti.

"Haiwezi kuona," alisema Sanket. "Mmeifunika kwa bati."

Inspekta Ghati alimtazama fundi huyo, akalitazama bati, halafu akawatazama askari wawili waliokuwa wamechuchumaa kivulini wakimenya karanga. Asubuhi yote walikuwa wanabonyeza vitufe. Wameizima, wameiwasha, wameifuta vumbi, na mmoja wao alifikia hatua ya kuitandika kofi. Kumbe mashine ilikuwa na akili zake timamu, wazimu walikuwa wao.

"Nani aliamuru gari liingizwe humu?"

"Ni wewe, Afande," alijibu Koplo Bujiku. "Ulisema mvua isije ikafuta alama za vidole."

"Basi nilikosea. Lisukumeni nje."

Walilisukuma mpaka katikati ya uwanja, jua likawa linapiga juu ya ile antena nyeusi iliyobandikwa kwenye paa. Sanket aliingia ndani, akawasha mashine upya, akakunja mikono. Alikuwa mtoto wa Lataben, mama mwenye duka la redio na betri pale Shinyanga mjini, na yeye ndiye aliyeifunga GPS hiyo kwenye gari hilo la kampuni ya kutafuta madini mwaka uliopita. Landrova ya polisi ilikuwa imemchukua nyumbani alfajiri bila hata kunywa chai, kwa hiyo hakuwa na uso wa kuchekea mtu.

"Sasa tunasubiri. Inatafuta setilaiti zake angani. Ikipata nne, inajua iko wapi."

"Nataka inijibu swali moja tu," alisema Ghati. "Iniambie hapa tulipo ni wapi."

"Hapa ni Kharumwa, Inspekta."

"Mimi najua. Nataka kujua kama yeye anajua."

Ghati alikuwa mwanamke wa Kikurya kutoka Tarime, mrefu, mkavu wa maneno, na kwa mashahidi alikuwa na desturi moja. Kabla ya kumwamini mtu kuhusu mahali ambako yeye hakuwepo, alimuuliza kwanza kuhusu mahali alikokuwepo. Mtu akidanganya kuhusu rangi ya mlango ulio mbele yako, huna haja ya kumsikiliza habari za chumbani. Siku ya Jumanne aliisahau desturi hiyo kwa sababu shahidi alikuwa mashine, na mashine ilimfanya azunguke kama kuku aliyekatwa kichwa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Donatus, dereva wa gari hilo, alitoka kambi ya watafutaji madini Jumapili na hakuonekana tena. Jumatatu gari lilikutwa kando ya barabara ya Kahama, funguo ndani, damu hakuna. Kampuni ilisema ametoroka. Mkewe, Generosa, alisema Donatus hawezi kutoroka akaacha viatu vyake vya kanisani uvunguni, na mkuu wa kituo alicheka mpaka akakohoa. Ghati hakucheka. Jumanne alisoma kwenye GPS mahali ambapo gari lilisimama muda mrefu siku ya Jumapili, akaziweka zile namba juu ya ramani ya serikali, zikamwangusha Igwambula, kwenye maduara, yale mashimo ya zamani ya wachimbaji wadogo, yaliyobomoka kwa mvua za El Niño. Alikwenda na majembe na askari. Kutwa nzima walifukua mashimo, wakapata ndoo iliyotoboka na nyoka.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Generosa alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, pembeni ya gunia lenye sufuria zake. Jana yake kampuni ilikuwa imemtoa kwenye chumba cha wafanyakazi. Askari walishazoea kumruka wakipita.

"Mama Eunice," Ghati alimwambia asubuhi, "nenda ukapumzike kwa majirani. Nikipata neno nitakuita."

"Sitaki neno, nataka mume wangu. Kama mzima nimchukue, kama maiti nimzike. Nitakaa hapa hapa."

Hilo ndilo lililokuwa linamkera Ghati, kwamba mwanamke huyu hakuwa akilia. Angelia, ungempa maji ya kunywa ukaendelea na kazi zako.

Pikipiki iliingia uwanjani, akashuka George, meneja wa kambi, buti zimepigwa rangi na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa mtu wa tabasamu la karibu karibu.

"Habari za kazi, Inspekta. Nimekuja kuchukua gari letu. Wazungu wanapiga kelele, kazi imesimama."

"Utalichukua. Ninamalizia kuongea nalo."

George aliangalia ndani, akamwona Sanket kainamia kioo cha GPS. "Mnajisumbua bure na hiyo mashine. Imeshasahau kila kitu."

"Inawezekana," alisema Ghati. "Subiri kidogo."

"Shikamoo, Bwana George," alisema Generosa kutoka ukutani.

George hakuitikia. Alimtazama kama mtu anayetazama doa kwenye shati. "Wewe bado uko hapa? Mumeo saa hizi anakula kuku Kahama na mwanamke mwingine, wewe unalinda kituo cha polisi. Huoni aibu? Rudi kwenu ukalime."

Generosa aliinamisha kichwa, akaanza kufunga upya kamba ya gunia ambayo haikuwa imefunguka. Askari mmoja alicheka kichinichini. Ghati alimkazia macho mpaka karanga zikamkwama.

"Tayari," Sanket aliita. "Imepata tano."

Ghati alitandaza ramani juu ya boneti, akaibana na mawe. Sanket alisoma namba za kioo, taratibu, na Ghati akapitisha rula kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Pale mistari ilipokutana alitia nukta kwa penseli.

Bujiku alichungulia. "Afande, hapo si kituoni. Hapo ni kwenye majaruba ya mpunga, kule chini."

"Naona."

"Kwa hiyo tumesimama majini."

"Koplo, nimeona."

Alirudia kupima. Nukta iliangukia palepale, kwenye mpunga, upande wa kusini wa kituo. Jengo la kituo lenyewe lilikuwa limechorwa vizuri kwenye ramani, na uwanja, na njia ya kuingilia. Mashine ilikuwa imewatupa kusini, mbali kiasi cha mtu kumwita mwenzake kwa kupaza sauti.

"Inadanganya," alisema Ghati.

"Kidogo inadanganya siku zote," alisema Sanket. "Wamarekani ndio wenye hizo setilaiti, na wanatia uongo makusudi ili wengine wasizitumie vitani. Mita hamsini, wakati mwingine mia."

"Hii ni mia?"

Sanket alishuka, akaangalia nukta, akaangalia kipimo pembeni ya ramani. Uso wake ulibadilika. "Hapana. Hii ni kama mia tatu. Halafu uongo wao hautulii. Sasa hivi unakupeleka huku, baadaye kule. Ngoja tuone."

Walingoja. Soma tena, pima tena. Nukta ya pili ilikaa karibu kabisa na ya kwanza. Ya tatu nayo vilevile. Zote kusini, zote ndani ya mpunga, kama ng'ombe waliofungwa kwenye kigingi kimoja.

George alikuwa ameacha kuangalia saa yake.

Sanket alirudi ndani, akafungua kurasa za mipangilio ya mashine moja baada ya nyingine. "Inspekta, hii sikuiacha hivi."

"Nieleze kama unamweleza mtu mjinga."

"Kila ramani ina mahali pake pa kuanzia kupimia. Ramani za serikali yetu zilipimwa zamani, kwa kipimo cha Afrika Mashariki. GPS ikitoka kiwandani inatumia kipimo kingine, cha dunia nzima. Ukichukua namba za kipimo kimoja ukazitia kwenye ramani ya kipimo kingine, unakosea mita kama mia tatu, kuelekea kusini. Mwaka jana nilipoifunga niliiwekea kipimo chetu. Sasa imerudi cha kiwandani."

"Nani ameirudisha?"

"Hakuna aliyeirudisha kwa kitufe, maana hata saa na lugha vimerudi vya kiwandani. Hii imekatiwa umeme. Betri yake ndogo ya ndani ilishakufa, niliwaambia kambini wanunue nyingine, wakaniambia baadaye. Ukitoa waya wa betri ya gari, inasahau mipangilio yote."

"Na inasahau ilikopita?"

"Hapana. Njia na vituo vinaandikwa mahali pengine, havifutiki. Ndiyo maana Jumanne ulivikuta."

Ghati alikwenda mbele ya gari, akatoa mawe, akakunja ramani, akafungua boneti. Betri ilikuwa imepakwa vumbi na grisi ya muda mrefu, isipokuwa kichwa kimoja. Nati yake ilikuwa inang'aa pembeni, mahali spana ilipopita. Grisi ilikuwa imekwanguka mpaka chuma kikaonekana.

"Koplo, Jumatatu mlipolikuta gari, mlifungua boneti?"

"Hapana, Afande. Nilipiga funguo likawaka."

"Kwa hiyo waya ulitolewa na ukarudishwa kabla yenu." Alifunga boneti polepole. "Bwana George, kambini kwenu simu ya upepo ikigoma mnafanyaje?"

George alikohoa. "Inategemea."

"Jana nilifika kambini kwako. Mpishi alikuwa anaitengeneza. Alitoa waya wa betri, akahesabu kidogo, akarudisha. Akaniambia ndivyo mnavyoisahaulisha. Kila mtu kambini kwenu anafanya hivyo."

"Ndiyo, ni kawaida. Sasa?"

"Sasa, wewe umeingia hapa na pikipiki, umekuta GPS inawaka, mtu anaibonyeza. Ukasema imeshasahau. Nani alikuambia imesahau?"

"Nilikisia tu."

"Ulikisia. Mtu mwingine angekisia imeharibika, au imekufa. Wewe ulikisia imesahau."

"Inspekta, usinibambikie kesi kwa neno."

"Neno hilo liache. Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kambini. Nimelala. Jumapili hatufanyi kazi."

Sauti ilitoka ukutani, ndogo, isiyo na haraka. "Jumapili alikuja kumchukua Donatus wakati tunajiandaa kwenda kanisani. Alimwambia ampeleke Igwambula."

Wote walimgeukia Generosa.

"Kila Jumapili alikuwa anampeleka," aliendelea. "Donatus alikuwa amechoka. Kampuni inatoboa mashimo ya majaribio, ikipata dhahabu mahali, Bwana George anakwenda kumwonyesha Mzee Masele, mwenye maduara, achimbe hapo usiku na mchana kabla kampuni haijaja. Donatus alisema Jumapili hii ndiyo ya mwisho. Alisema Jumatatu anakwenda kuwaambia Wazungu."

"Kwa nini hukusema?" Ghati alimuuliza.

"Hakuna aliyeniuliza. Mlikuwa mnaniuliza kama ana mwanamke."

Ghati alihisi damu inampanda usoni, maana swali hilo aliliuliza yeye mwenyewe, tena mara mbili. Alitoa pingu kiunoni, akazitia kwenye mikono ya George pasipo kumtazama.

"Bwana Sanket, irudishie kipimo chetu. Koplo, washa gari hili hili. Tunakwenda."

"Na mimi," alisema Generosa, akasimama.

"Huko si mahali pa..."

"Na mimi," alirudia, akaingia kiti cha nyuma na gunia lake, karibu na mtu aliyemnyima marahaba.

* * *

Njia ya Igwambula ilikuwa mbovu kuliko ilivyokuwa Jumanne. Sanket alikaa mbele akifuata mshale wa kwenye kioo, akisema kushoto, nyoosha, punguza. Walipita mahali walipofukua Jumanne, udongo mwekundu bado mbichi umetapakaa kila upande, na mshale haukutikisika. Uliendelea kuonyesha mbele, kaskazini, kwenye kilima kidogo chenye vibanda vya maturubai.

"Pale," alisema Sanket. "Gari lilisimama pale, muda mrefu."

George alikuwa amefumba macho. Tangu watoke kituoni alikuwa amesema jambo moja tu, kwamba anataka wakili.

Karasha ilikuwa inanguruma juu ya kilima, ile mashine ya kusagia mawe, kelele zake zinaingia mpaka kwenye meno. Ghati aliikumbuka. Jumanne ilinguruma kutwa nzima wakati wao wanafukua huku chini, mpaka Bujiku akasema angalau kuna watu wanaofanya kazi nchi hii.

Mzee Masele aliwapokea akiwa na kofia ya pama na kitambi cha mtu anayekula kwa wakati.

"Ng'wadila, baba," Bujiku alimsalimu kwa Kisukuma.

"Ng'wadila. Karibuni, karibuni. Kuna nini tena?"

"Maduara haya ni yako?" Ghati aliuliza kwa sauti kubwa, kushinda karasha.

"Matatu yote. Mawili yanafanya kazi, kama unavyoona."

Kwenye mawili hayo kulikuwa na vijana wanaovuta kamba, vifua wazi, wamejaa udongo kuanzia nywele. La tatu lilikuwa kando, limefunikwa kwa magogo na mabati, na juu ya mabati yamewekwa mawe. Pembeni yake kondoo mweusi alikuwa amefungwa kwenye kisiki, anatafuna.

"Na lile?"

"Lile limekufa. Tangu mvua. Limejaa maji, halina jiwe hata la kumtupia kunguru."

Ghati alianza kulielekea. Masele alimkatiza mbele kwa haraka ambayo haikutarajiwa kwa kitambi kile.

"Mama askari, samahani. Hapo mwanamke hafiki."

"Kwa nini?"

"Ni mwiko wetu. Mwanamke akisogelea duara, dhahabu inajificha. Muulize yeyote. Mtume huyo koplo wako, wewe kaa hapa."

Ghati aliwageukia vijana wa kamba. Walikuwa wameacha kuvuta. "Ni kweli?"

Walitazamana. Mmoja, mwenye kitambaa chekundu kichwani, alijibu kwa woga. "Ni kweli, mama. Duara likiwa linatoa, mwanamke hasogei."

"Na likiwa limekufa?"

Kijana alimtazama Masele, akajikuna shingo.

"Nimekuuliza wewe, si yeye. Likiwa limekufa?"

"Likiwa limekufa hakuna mwiko, mama. Wake zetu ndio wanaokuja kuokota makombo."

"Basi, Mzee Masele," alisema Ghati, "ama duara hili halijafa, ama umesahau mila zako. Chagua moja."

Masele alifungua mdomo, akaufunga. Jasho lilimtoka chini ya pama. Alikuwa amezoea maisha yake yote kuwafukuza wanawake kwenye duara linalolipa, na ulimi wake ulitangulia kabla hajajikumbusha kwamba leo anatakiwa kudanganya. Bujiku alikuwa amezunguka nyuma ya karasha. Alichungulia kwenye mdomo wa kutilia mawe, akainua kichwa.

"Afande, haina jiwe. Inasaga upepo."

"Zima."

Bujiku alizima. Vijana wa kamba waliangalia miguu yao. Ghati aliwatazama mmoja mmoja, akaelewa kwamba wengine walijua. Aliondoa mawe kwa mikono yake, akavuta bati la kwanza, la pili. Hewa ya baridi ya udongo uliolowa ilimpanda usoni.

"Donatus!" aliita. "Donatus, ni polisi!"

Maji yalikuwa yanadondoka mahali fulani chini. Zaidi ya hayo hakuna.

Bujiku alivua shati, akajifunga kamba kiunoni, vijana wakamteremsha. Tochi yake ilicheza kwenye magogo ya kuta, ikawa ndogo, ikasimama.

"Yupo, Afande."

"Mzima?"

Mwanga wa tochi uliinama.

"Hapana. Miguu yote imevunjika." Kisha, kwa sauti nyingine: "Afande, bado ana joto. Mkono unakunjika. Huyu hajafa jana."

Ghati alisimama wima. Alimshika Masele kola, akampigisha magoti ukingoni mwa shimo, kofia ikaangukia ndani. Hakuna askari aliyemzuia.

"Amekufa lini?"

"Sijui, mama, mimi..."

Alimsogeza mbele mpaka udongo ukaanza kumeguka chini ya magoti yake.

"Leo! Leo asubuhi. Jua lilipopanda alinyamaza."

"Tangu Jumapili alikuwa hai humu ndani."

"Mimi sikumgusa. Muulize George. Waligombana hapa, George akamsukuma, akaanguka. Mimi sikumgusa hata kidole."

"Alikuwa anasema nini?"

Masele alilia, kilio cha mtu anayejihurumia. "Mwanzo aliomba kamba. Baadaye alikuwa anamwita mkewe tu."

"Na kamba hizi zote hapa?"

"George alisema akitoka tumekwisha wote."

"Kwa nini hamkummaliza, basi? Mngempunguzia mateso."

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata mtoto angelijua. "Mama, damu ya mtu ikimwagwa kwa mkono kwenye duara, mali inahama. Duara hili ndilo linalotoa kuliko yote. Tulimwacha afe mwenyewe. Akishakufa tungemtoa, tukachinja kondoo, tukasafisha, tukaendelea na kazi. Kondoo ndiye yule pale."

Kondoo alikuwa bado anatafuna.

"Na karasha?"

"Jumanne, mlipokuja kule chini na majembe. Alizisikia sauti zenu. Akaanza kupiga kelele, kelele kweli kweli. Ikabidi niwashe. Tangu hapo sikuizima mchana, hata leo, asije akaanza tena."

Ghati alimwachia. Pale kwenye gari, George alikuwa amesikia yote, maana karasha ilikuwa imezimwa, na sasa alikuwa anaongea bila kuulizwa. "Mimi nilijua alikufa Jumapili ile ile. Masele aliniambia amekufa. Nilimsukuma tu, Inspekta. Kumsukuma mtu si kumuua."

Hakuna aliyemjibu. Sanket alikuwa ameegemea mlango wa gari. Aliyekuwa anatakiwa kumzuia Generosa ni yeye, na Generosa alikuwa ameshampita.

Alikuja bila kukimbia. Vijana walimpisha. Mwiko wa mwanamke na duara hakuna aliyeutaja. Alifika ukingoni, akachungulia, akaiona tochi ya Bujiku kule chini na kilichokuwa pembeni ya tochi. Alitazama muda mrefu.

"Amekufa lini?" aliuliza.

Ghati angeweza kumwambia Jumapili. Masele alikuwa amepiga magoti, George yuko kwenye pingu, daktari yuko Geita, na hakuna ambaye angemsahihisha mbele ya mjane.

"Leo asubuhi," alisema.

"Jumanne ulipokuja kumtafuta, alikuwa mzima."

"Ndiyo."

"Ulimtafutia wapi?"

Ghati alinyoosha mkono. Kutoka juu ya kilima ule udongo mwekundu ulionekana wazi kabisa, na mashimo, na jembe moja lililosahauliwa limelala juu ya tuta.

"Kule."

Generosa aligeuka, akaanza kuteremka. Bujiku aliuliza kutoka chini kama wamvute, Ghati akasema asubiri. Walimtazama mwanamke huyo anavyotembea kati ya vichaka, akipandisha kanga yake isinase miiba, bila kugeuka nyuma. Ilimchukua muda kufika. Alipanda juu ya tuta la udongo, akasimama pale pale ambapo Ghati alisimama siku mbili kabla na ramani mkononi, akaelekeza uso kilimani.

"Donatus!" aliita. "Donatus wee!"

Sauti ilifika juu yote, kila silabi. Kondoo aliinua kichwa.

Kutoka ndani ya duara, pembeni ya maiti, Koplo Bujiku aliuliza ni nani huyo anayemwita Donatus.